Madaktari wa Hinabuyan

Daktari wa kumi na mbili alipotangaza kwamba anaondoka, mji mzima wa Hinabuyan ulimlaumu mke wake.

Walisema Carmina hakuwahi kupenda hapa. Walisema alipanda boti siku ya kwanza akiwa ameziba pua, jambo ambalo halikuwa kweli. Alikuwa ametapika tu, kama mgeni yeyote anayepandishwa mto kwa saa mbili akiwa amekaa juu ya magunia ya mchele. Walisema mwanamke ndiye anayeamua mwanamume aishi wapi, na Dokta Andro, mtu mwema kama yule, asingeweza kuondoka kwa akili yake mwenyewe.

Siyang hakusema kitu. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya kwa miaka ishirini na tisa, na kwa miaka hiyo alikuwa amewasindikiza madaktari kumi na mmoja mpaka ngazi za mtoni, akawashikia mizigo, akawapungia mkono. Wengine walikaa mwaka, wengine miezi mitano. Yule wa tano, kijana mwenye miwani kutoka Manila, mji ulijaribu kumuoza. Kila jioni mmoja wa wasichana watatu alimpelekea chakula, leo kuku, kesho kaa wa mtoni kwa tui la nazi, keshokutwa keki ya mihogo. Daktari alinenepa kilo tisa, akashukuru sana, akaondoka peke yake. Mpaka leo wasichana wale watatu, ambao sasa ni mama wa watu, hutaniana kuhusu hilo sokoni.

Lakini Dokta Andro alikuwa tofauti. Mkataba wake na serikali ulikuwa wa miaka miwili, na alikaa minne. Alijifunza Kiwarai, lugha ya hapa, mpaka akaweza kugombana kwacho. Alikuwa akipanda mpaka vitongoji vya juu, kule wanakochuna nyuzi za migomba, akirudi na ruba miguuni na orodha ya wajawazito mkononi. Katika miaka ile minne hakufa mama mzazi hata mmoja Hinabuyan. Siyang alikuwa anajua maana ya jambo hilo kuliko mtu yeyote, maana wale waliokufa kabla ya hapo aliwajua kwa majina.

Meya Delfin alimwita ofisini kwake siku ya Jumatatu.

"Dada Siyang, wewe Dokta anakusikiliza. Nenda kazungumze naye."

"Nimwambie nini, Bwana Meya?"

"Mwambie tunampenda."

"Hilo analijua. Ndizi alizoletewa wiki hii zinatosha kulisha nguruwe wa mji mzima."

Meya alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye duka la mbata aliyechaguliwa kwa sababu mtangulizi wake alikuwa mwizi. "Mwambie nitamwongezea mshahara."

"Unaweza?"

"Siwezi," alikiri meya. "Sisi kwa mapato ni mji wa daraja la tano. Sheria inaturuhusu kumlipa pungufu ya anacholipwa mwenzake kule chini kwa kazi ileile, na hata hiyo pungufu naitafuta kwa tochi. Lakini wewe mwambie hivyo hivyo."

"Mimi simdanganyi mtu aliyenishikia taa nikizalisha," Siyang alisema, akainuka. Lakini alikwenda.

Nyumba ya daktari ilikuwa nyuma ya kituo, ya mbao, imeezekwa bati lililopakwa rangi ya kijani baada ya kimbunga cha mwisho. Dokta Andro alikuwa sebuleni amepiga magoti kati ya maboksi. Mwanawe Enzo, wa miaka sita, alikuwa amekaa ndani ya boksi moja, ana vifaa viwili vya kumsaidia kusikia masikioni, vidogo kama punje za mahindi.

"Umetumwa," alisema daktari alipomwona mlangoni.

"Nimetumwa."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka pamoja. Carmina akaleta kahawa na kukaa nao. Huyu alikuwa mtaalamu wa maabara ya vyakula. Kabla ya kuolewa alikuwa akipima maziwa ya makopo katika kiwanda chenye wafanyakazi mia nane. Hinabuyan hakukuwa na maziwa ya kupima. Kwa miaka minne alikuwa ameuza barafu za nazi dirishani, akijifunza majina ya watoto wa watu.

"Nikuulize, Dada Siyang," alisema. "Sokoni wanasema nini juu yangu?"

"Wanasema unaringa."

"Na wewe ukasema nini?"

Siyang akatazama kikombe. "Sikusema kitu. Nisamehe."

Carmina hakukasirika. Alimwelekezea Enzo kidevu. "Yule anahitaji mwalimu wa kumfundisha kusema. Si mwalimu wa kawaida, mwalimu wa watoto wasiosikia vizuri. Wa karibu yuko mjini Tacloban. Daktari wa masikio alituambia tulipaswa kuanza akiwa na miaka mitatu. Tumechelewa miaka mitatu, Dada. Kila mama aliyezaa salama hapa, mimi namfurahia, haki ya Mungu namfurahia. Lakini wakati huo huo mwanangu anaita maji 'ma' na paka 'ma' na mimi mwenyewe 'ma'."

 Daktari aliendelea kufunga kamba kwenye boksi la vitabu, akaifungua, akaifunga tena.

"Na mimi nimechoka," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kama anayekiri wizi. "Nisimsingizie mtoto. Miaka minne simu hii haijazimwa hata siku moja. Baba yangu alipofariki nilikwenda siku mbili nikarudi, kwa sababu wewe ulikuwa na wajawazito wawili wenye presha. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikiwa kule mazikoni nilikuwa nakuwaza wewe na wale wajawazito, baba yangu yuko mbele yangu kwenye jeneza. Siku ile nilijua nitaondoka. Tuseme tu ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri."

 Ujumbe wa meya ulibaki mdomoni mwake ukaisha ladha.

Kisha daktari akauliza, pasipo nia mbaya, "Na Jovelyn, binti yako? Si alifaulu mtihani wa taifa wa udaktari mwezi wa tatu? Nilidhani angeomba nafasi hapa. Ningemwachia ofisi kwa moyo mweupe."

"Bado hajaamua," alisema Siyang.

Ulikuwa uongo.

Jovelyn alikuwa mtoto wake wa pekee. Alisomeshwa udaktari kwa minazi mia mbili ya marehemu baba yake na kwa mshahara wa mkunga, na kwa msaada wa mfuko wa wanafunzi wa mkoa, na alikuwa ameamua siku nyingi. Alipofaulu alipiga simu kutoka Cebu akilia na kucheka. "Mama, naandika barua kwa Meya. Dokta Andro akiondoka mimi ndiye nitakayekuja. Daktari wa Hinabuyan, mzaliwa wa Hinabuyan! Mama, unasikia?"

Na Siyang, aliyekuwa amesimama jikoni na kisu cha samaki mkononi, alisema, "Usithubutu."

Alimweleza yote. Daktari wa tatu aliyekutwa analia katika stoo ya dawa. Daktari wa saba, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyepigwa kofi na mlevi ambaye kaka yake alikuwa ameshakufa kabla hajafikishwa kituoni. Wa tisa aliyekataa kusaini karatasi za dawa ambazo hazikuwepo, na meya wa wakati ule akamfanyia visa mpaka akahama. "Utakuwa peke yako," alimwambia. "Mimi nimewaona. Wanakuja na nyuso za watoto, wanaondoka na nyuso za wazee. Kaa huko. Tafuta hospitali yenye watu. Nenda ng'ambo ukitaka. Ukija hapa usiniite mama."

Jovelyn akasema, "Sawa, Mama." Tangu siku ile simu zake zilikuwa fupi.

Hakuna mtu Hinabuyan aliyejua. Watu walipouliza, Siyang alisema bado hajaamua, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima, wakimhurumia mama aliyesomesha mtoto akamezwa na jiji.

Dokta Andro na familia yake waliondoka mwezi wa sita. Mji mzima ulishuka mtoni. Carmina, aliyelaumiwa kwa wiki tano, alikumbatiwa na wanawake wale wale mpaka blauzi yake ikalowa. Enzo aliwapungia mikono akiwa amevalishwa boya kubwa kuliko yeye. Boti ilipopinda kona, Mama Basyon, muuza samaki wakavu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, "Haya, Siyang. Tumebaki na wewe na Mungu, na Mungu ana vitongoji vingi."

Miezi minne ilipita bila daktari. Nafasi ilitangazwa, hakuna aliyeomba. Kule Tacloban, mtu akitembea mtaa mmoja angepita vibao vya madaktari saba. Hinabuyan, kibao cha kituo kilining'inia na jina la Dokta Andro, kwa sababu hakukuwa na jina la kubandika juu yake. Siyang na muuguzi mmoja walipima presha, walichanja watoto, walifunga vidonda, na kila kilichowashinda walikipakia botini.

Mwezi wa kumi mvua ilinyesha siku sita mfululizo. Siku ya saba asubuhi, Pidot, kijana mchuna nyuzi, alimleta mkewe Teresing, mimba ya kwanza, uchungu umeshachanganya. Ulikuwa uzazi mwepesi. Saa nne na robo alizaliwa msichana mwenye nywele nyingi, akalia vizuri, na Pidot kule nje akasikika akilia kumshinda.

Kondo la nyuma halikutoka lote.

Siyang aliona kabla ya kuhisi. Damu ilikuja polepole, kisha ikaja kama bomba lililosahauliwa wazi. Alimpa sindano ya kukaza kizazi, akamsugua tumbo, muuguzi akaweka dripu mikono yote miwili. Kizazi kiliendelea kuwa laini kama unga uliokandwa. Midomo ya Teresing ikaanza kupoteza rangi.

"Dada, nasikia baridi," alisema.

"Nipe simu," Siyang alimwambia muuguzi. "Mpigie Jovelyn."

Kwa nini hakupiga hospitali ya mkoa kwanza, baadaye hakuweza kueleza. Simu iliita mara mbili tu.

"Mama?"

"Nina mzazi, damu haisimami. Kondo limetoka nusu."

Sauti ya Jovelyn ilibadilika papo hapo, ikawa sauti ya mtu ambaye Siyang hakuwahi kumsikia. "Umeshampa sindano? Umetoa mkojo kwenye kibofu? Vizuri. Mama, sikiliza. Usilivute hilo lililobaki, litachanika. Vaa glavu ndefu. Funga ngumi uingize ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, ukibane kizazi katikati ya mikono yako. Bana kwa nguvu. Imepungua?"

"Imepungua."

"Basi usiachie. Mpakieni hivyo hivyo. Mimi napiga simu hospitali waandae damu na chumba cha upasuaji. Usiachie, Mama, hata mkono ukifa ganzi. Usiachie mpaka daktari akushike bega."

Wakambeba Teresing kwenye machela mpaka mtoni, Siyang akitembea upande upande kama kaa, ngumi yake ndani ya mwili wa mwanamke yule, shuka limetupwa juu yao wote wawili. Mto ulikuwa mwekundu na umejaa magogo. Mwenye boti alitazama maji, akatazama shuka, akawasha injini pasipo kuuliza.

Safari ya saa mbili ilikuwa ya saa tatu kasoro. Kwenye kona ya pili simu ilikosa mtandao. Kwenye kona ya nne Siyang hakuusikia tena mkono wake. Aliujua upo kwa sababu aliuona. Pidot alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya shati lake, akimwambia mkewe mambo yasiyo na maana, kwamba wataweka sakafu ya saruji, kwamba atamnunulia redio. Teresing alikuwa akifumba macho, na kila alipofumba Siyang alimtukana.

"Fumbua macho, mvivu wewe! Unadhani mimi nafurahia kukaa hivi?"

"Unanitukana, Dada," alinong'ona Teresing.

"Nitakutukana mpaka Desemba. Fumbua."

Kwenye mji wa chini gari la wagonjwa lilikuwa likisubiri, injini inanguruma. Hospitalini, kijana mmoja mwenye macho mekundu, ambaye baadaye walisikia alikuwa kazini tangu jana yake asubuhi, alimshika Siyang bega na kusema, "Mama, nimempata. Achia sasa." Siyang hakuweza. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Teresing alipona. Lakini alikuwa amechelewa mno, ikabidi kizazi kiondolewe. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Wiki tano baadaye familia ya Pidot ilichinja nguruwe. Walimwalika Siyang mchana wa Jumapili, wakampa kiti chenye mito, wakamwekea sahani ya kwanza. Meya Delfin alikuja. Teresing alikuwa kwenye kiti cha uvivu, amekonda, mtoto mapajani. Kila aliyeingia alimshika Siyang mkono ule, wa kulia, kama mkono wa sanamu takatifu, na kila aliyeushika alimwongezea uzito kifuani. 

Mama Basyon alikuwa ameshakunywa tembo la mnazi vikombe viwili. "Nasema hivi," alisema, akinyoosha mfupa. "Tunawasomesha kwa mbata zetu, kwa jasho letu, halafu wanakwenda kutibu watu wenye viyoyozi. Hawana haya! Mtoto aliyelelewa kwa nazi ya Hinabuyan leo anashika mikono ya matajiri wa Cebu."

Mtu akakohoa. Wengine wakatazama sahani zao. Mama Basyon akagundua alichosema, akajifunika mdomo. "Siyang, dada yangu, sikumaanisha wako."

"Ni wangu ndiyo," alisema Siyang. "Na aibu si yake. Aibu ni yangu."

Akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Hata kwenye mazishi ya mumewe hakusema neno.

"Jovelyn alitaka kurudi. Mwezi wa tatu, siku ile ile alipofaulu, alitaka kuandika barua kwa Meya. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia akija asiniite mama. Halafu nikaja kwenye nyumba ya Dokta Andro kumwomba abaki, yeye na mtoto wake asiyesikia. Wa watu nilitaka wabaki. Wangu nilimficha."

Walisikika kuku tu chini ya sakafu. Meya alikuwa amefungua mdomo. Siyang alisubiri mtu amtukane, na moyoni alitamani iwe haraka.

Aliyesema kwanza alikuwa Mama Basyon, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi pia ningemkataza."

"Nyamaza, wewe umelewa," alisema mumewe.

"Nimelewa, lakini nasema kweli. Nani hapa angempeleka mwanawe akakae peke yake katika nyumba ile, apigiwe simu mpaka kwenye msiba wa baba yake? Inua mkono. Haya, inueni!" Akazungusha macho. Hakuna aliyeinua.

Kisha Teresing akasema, "Dada Siyang, nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinidanganye. Daktari angekuwepo siku ile, ningebaki na kizazi changu?"

Siyang alimtazama. Angeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Watu wote pale wangeitikia amina.

"Pengine ndiyo," alisema. "Angelitoa lile lililobaki palepale, kwa robo saa. Ndiyo. Nadhani ungebaki nacho."

Teresing aliinamisha uso kwa mtoto. Pidot akaweka mkono wake mgongoni kwake. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa imara.

"Basi mrudishie ruhusa yake," alisema. "Akikataa, akatae mwenyewe."

Siyang alipiga simu jioni ile ile, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, majirani wakijifanya wanafagia. Alisema alichokuwa nacho cha kusema kwa sentensi tatu, maana alikuwa ameshafanya mazoezi njia nzima.

Jovelyn hakulia wala kucheka. "Unajua nimewaambia nini wenzangu, Mama? Nimewaambia sitaki kurudi kijijini, kijijini hakuna hela. Wakaniona mroho. Nilikubali wanione mroho ili nisiseme kwamba mama yangu mwenyewe hanitaki."

"Nilikuwa nakuogopea."

"Najua. Lakini hukuniuliza."

"Sikukuuliza," alikubali Siyang. "Sasa nakuuliza."

"Nimeshalipia masomo ya lugha. Mwakani nilitaka kwenda Ujerumani."

"Basi nenda, mwanangu. Sikupigii kukuita. Nimepiga kuondoa neno langu."

Simu iliendelea kula salio. Mwisho Jovelyn akasema, "Peke yangu siji. Hilo ulisema kweli. Mtu mmoja pale ni mfungwa. Lakini tungekuwa wawili au watatu, na kila mtu ana siku yake ya kuzima simu... Ngoja, Mama. Ngoja nifikirie."

Alifikiria miezi mitatu. Siyang hakumsumbua. Aliyesumbuliwa alikuwa Meya Delfin, maana wazo alilotuma Jovelyn kwa barua ndefu lilimlazimu kula meza moja na mameya wawili wa miji jirani, ambao mmoja wao alikuwa hajasemeshana naye tangu ugomvi wa jogoo wa kupiganisha. Barua ilisema miji mitatu, madaktari watatu, mkataba mmoja. Kila daktari akae wiki mbili kwenye mji wake, ya tatu apumzike, na jirani apokee simu zake. Mshahara uwe sawa kwa wote watatu. Na mke au mume wa daktari, kama ana ujuzi, miji itafute namna ya kuutumia.

"Watu watasema nimewapunguzia daktari," meya alimlalamikia Siyang. "Wiki moja kati ya tatu hawana mtu!"

"Sasa hivi wana mtu gani wa kupunguziwa?"

Meya akajikuna kidevu mpaka kikawa chekundu. Lakini alikwenda, akala meza moja na adui yake, na inasemekana waliagana wakibishana juu ya yule jogoo kama marafiki.

Jovelyn alipanda mto mwezi wa sita uliofuata pamoja na wenzake wawili aliosoma nao, kijana wa Leyte na binti wa Bohol, walioshukia njiani kwenye miji waliyopangiwa. Masomo ya lugha aliyasimamisha, hakusema ameyaacha. Mama yake alikuwa amemtandikia kitanda chake cha utotoni, na Jovelyn akakibusu kile kitanda, akachukua begi lake, akaenda kulala nyumba ya daktari.

"Nikilala kwako watakuja kunigongea kupitia kwako, na wewe utawafukuza," alisema. "Nakujua."

"Nitawafukuza ndiyo."

"Umeona?"

Haikuwa rahisi kati yao. Kituoni waligombana juu ya kila kitu: mahali pa kuweka mikasi, nani apewe rufaa, nani asipewe. Siku ya tatu Siyang alimwita "mwanangu" mbele ya wagonjwa na Jovelyn akamwita kando akamwambia, kwa adabu lakini kwa uthabiti, kwamba humu ndani ni Dokta. Siyang alinuna siku mbili, kisha akaona raha ya jina lile mdomoni, akawa analitumia hata jikoni, kwa kumchokoza. "Dokta, ongeza chumvi. Dokta, kanya nguo."

"Ni anika nguo, Mama. Umezeeka mpaka ulimi."

Na siku moja ya wiki ya mapumziko, Jovelyn akiwa Cebu kwa rafiki zake, walimleta mtoto mwenye degedege. Mama Basyon, bibi yake, alianza kupiga kelele kwamba kumbe daktari mwenyewe ni wa kukodisha. Yule kijana wa Leyte alipokea simu kwa mlio wa kwanza, akamwelekeza muuguzi hatua kwa hatua, na kabla ya saa ya chakula alikuwa ameshafika mwenyewe kwa boti, amelowa mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa ameshaamka anadai biskuti. Mama Basyon alimpa yule daktari samaki wakavu kilo tano, na tangu hapo akawa anautetea mpango ule kuliko meya.

Mambo hayakwenda sawa yote. Binti wa Bohol aliondoka baada ya mwaka mmoja. Mchumba wake alipata kazi Manila, na hakuna aliyemlaumu, angalau si kwa sauti. Nafasi yake ilikaa wazi miezi mitano, na wale wawili waliobaki walibeba miji mitatu mpaka wakakonda. Kisha akaja mwingine, mwanamume wa makamo aliyekuwa amefanya kazi ya uuguzi ng'ambo kwa miaka kumi kwa sababu udaktari nyumbani haukumlipa, akachoka kuwaogesha wazee wa watu akiwa na cheti chake ndani ya sanduku. Mkewe ni mwalimu. Walimpa darasa la hesabu.

Huu ni mwaka wa tatu wa Jovelyn. Mkataba wake unakwisha mwezi wa sita. Kila mtu Hinabuyan anataka kujua kama atasaini tena, na kila mtu anamuuliza Siyang, sokoni, kanisani, botini, mpaka kwenye foleni ya mchele.

"Sijui," anajibu.

"Wewe mama yake, hujui?"

"Sijamuuliza."

Na hajamuuliza kweli. Asubuhi anafungua madirisha ya kituo, anapanga glavu, anachemsha vifaa. Saa mbili Jovelyn anaingia na nywele zikiwa bado mbichi, anachukua faili la juu kabisa, anasema, "Haya, nani wa kwanza?" Teresing, ambaye sasa ndiye anayeandikisha wagonjwa mlangoni, analiita jina, na mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa anainuka kwenye benchi taratibu, akishika kiuno, na kuingia ndani.